Shajara ya Spacio: kutoka Kitonga hadi Kitonga

28 Desemba 2024, Iringa. Kilomita 163,412

Naanza daftari hili nikiwa uani kwa mama mkwe, boneti iko wazi mbele yangu. Gari ni Toyota Spacio NZE121, ile ambayo mtaani tunaiita Spacio new model, injini 1NZ ya ujazo wa sisi (cc) 1,500. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na hapa nchini mimi ni mtu wa pili kulimiliki. Lengo nimeliandika kwenye jalada la ndani: Pasaka gari hili lipande Kitonga, mlima wa barabara ya kuja Iringa, na familia yangu ndani, mshale wa joto ukae katikati, na likikwama popote, kila mtu mzima aliyemo ajue la kufanya.

Yaliyotokea Jumatatu tarehe 23 nayaandika sasa kabla hayajapoa kichwani.

Tulipita Ruaha Mbuyuni jioni, watu watano, mizigo ya sikukuu mpaka miguuni mwa watoto, AC imewashwa. Mlima ulipoanza tukakuta lori la kontena likipanda mwendo wa mtu anayetembea, na kwenye kona zile huwezi kulipita. Nikaendelea nyuma yake kwa gia ndogo. Mshale ukasogea kidogo juu ya katikati. Niliuona. Nikajiambia tukifika juu utashuka. Baada ya kona mbili ulikuwa umegusa alama nyekundu na mvuke unatoka pembeni ya boneti.

Nilipaki sehemu finyu, nikafungua boneti, nikachukua kanga ya mke wangu kushikia kifuniko cha rejeta. Nyuma yetu lilikuwa limesimama lori jingine la mizigo ya Zambia. Utingo wake akaruka chini akipiga kelele: "Mzee, usiguse hiyo! Itakuunguza uso!" Nikarudisha mkono.

Kijana yule aliokoa macho yangu. Maji yaliyomo kwenye rejeta yamebanwa, na kwa sababu ya presha hiyo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukizungusha kifuniko presha inaanguka mara moja, na maji yote yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke yakakurukia. Kitambaa hakisaidii kitu.

Kabla hata hatujaamkiana vizuri alikuwa ameshaweka mawe nyuma ya magurudumu, akavunja matawi ya mti na kuyapanga barabarani kwa kwenda chini, la mwisho akalipeleka mpaka nyuma ya kona, ili anayepanda alione kabla hajatuona sisi. Mimi nilikuwa na kibao kimoja cha pembetatu, mguu umevunjika. Watoto tuliwatoa garini wakakae juu ya ukingo, mbali na barabara. Tulisubiri karibu saa nzima. Rejeta ilipopoa kiasi cha kushikika ndipo alipofungua kifuniko taratibu, akanimiminia maji kutoka kwenye dumu lao kidogo kidogo huku injini ikiunguruma. Ziliingia lita tatu na nusu. Akasema maji ya baridi yakiingizwa kwa pupa kwenye injini ya moto hupasua silinda hedi, na ndivyo ilivyo.

Tulipokuwa tayari kuondoka nilimpa mkono na ahsante, nikaelekea mlangoni. Akaniita: "Mzee, mawe." Tukayaokota yote, na matawi, tukayatupa porini. "Haya yakibaki hapa, usiku anakufa mtu wa bodaboda." Nimepita barabara hii miaka mingi nikiona mawe yaliyoachwa katikati ya lami, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeyaacha. Ni mtu kama mimi, mwenye haraka, ambaye gari lake limeshawaka.

29 Desemba, Iringa. Kilomita bado zile zile

Nimekagua kama injini imedhurika. Oili kwenye kijiti haijageuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe hautoki, na injini ikiwaka hakuna mapovu yanayopanda kwenye rejeta. Gasketi ya silinda hedi imenusurika. Nimeshukuru.

Kifuniko cha rejeta kimeandikwa 1.1, maana yake kinatakiwa kubana presha mpaka hapo kabla hakijaachia. Raba yake ya chini imekauka, ukiibonyeza kwa kucha inabaki na alama. Kilikuwa hakibani chochote. Na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema: Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Gari lilikuwa linapanda mlima huku uwezo wake wa kuvumilia joto unashuka. Kifuniko kipya nimepata dukani hapa hapa mjini, bei yake haifiki petroli lita kumi.

Maji yaliyotoka ni ya rangi ya kutu. Hiyo ni kazi ya maji ya bomba, miaka.

11 Januari 2025, Dar es Salaam. Kilomita 163,934

Tulirudi salama, tukiondoka alfajiri na AC ikiwa imezimwa njia nzima.

Leo nimemwaga maji yote na kufungua nyumba ya themostati ili niibadilishe. Ndani hamna themostati. Ipo gasketi tu. Kumbe fundi mmoja zamani aliitoa, na najua kabisa alimwambia mwenye gari nini, maana na mimi nimeshaambiwa kwa gari lingine: "Toa hii, ndiyo inayochemsha, huku kwetu ni joto."

Jambo hili linaniuma kwa sababu limeenea sana na linaonekana lina akili. Themostati ni kilango kidogo cha nta. Injini ikiwa ya baridi kinafunga ili ipate moto haraka. Ikifika joto lake kinafungua, maji yaende kwenye rejeta. Ukikitoa, injini inakaa baridi muda wote wa mwendo wa kawaida, kompyuta inadhani bado gari ni la asubuhi, inaongeza mafuta. Unakunywa petroli zaidi, oili inachafuka mapema. Na kibaya kuliko vyote, ugonjwa halisi unafichika. Rejeta inaziba taratibu, kifuniko kinakufa, mshale unakaa chini na wewe unaona gari ni zima, mpaka siku ya mlima, mzigo na AC.

Themostati mpya imechongwa namba 82, nyuzi inazotakiwa kuanza kufungua. Kabla ya kuifunga niliijaribu jikoni, maana spea za siku hizi huwezi kuziamini kwa sura. Nimeifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, kipimajoto cha jikoni pembeni. Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa anasoma namba kwa sauti. Sabini, kimya. Sabini na nane, kimya. Themanini na tatu, uzi ukatikisika, mdomo wa shaba ukaachia mstari mwembamba kama ukucha. Tisini na tano ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha penseli. Tukaitoa, ikafunga yenyewe polepole mezani. Akaomba tuirudie. Tukairudia.

Nimejaza kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, iliyochanganywa tayari. Nimetoa hewa kwa kuacha kifuniko wazi injini ikiwa ya baridi, hita imewekwa kwenye moto wa mwisho, nikawasha na kusubiri mapovu yaishe. Feni imewaka yenyewe mara tatu. Hosipaipu ya chini ilikuwa laini kama embe bivu karibu na klipu. Nimebadilisha zote mbili.

1 Februari. Kilomita 164,870

Oili na filta. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita nne inabakiza kidogo, na kidogo hicho mafundi wengi wanakimwagia humo humo. Oili ikizidi alama ya juu inapigwa na krenki mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Nilisimama pale gereji mpaka nikamwona anaweka chupa chini. Sevisi inayofuata: 169,870. Nimeandika kwa kalamu ya rangi kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva, juu ya kingine chenye maandishi ya Kijapani ambacho bila shaka fundi wa kule alikiweka kwa sababu hiyo hiyo.

Filta ya hewa ilikuwa nyekundu ya vumbi. Nimebadilisha. Plagi nne bado ziko vizuri.

Injini hii ina cheni, haina taiming belti, kwa hiyo hofu ya belti kukatika sina. Mwenye gari la belti na hajui ilibadilishwa lini, mimi ningemshauri aibadilishe sasa, asisubiri kufikisha kilomita 100,000 ambazo hajui zilianza kuhesabiwa wapi.

15 Februari. Kilomita 165,300

Tairi. Siku nzima imeishia hapa na bado sijamaliza.

Pembeni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya duara lililobonyea: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Za mbele zinasema 3222, wiki ya 32 ya mwaka 2022. Za nyuma, 0916. Zina kashata (nundu za raba zinazokanyaga lami) nzuri, nene, na ni kashata hiyo iliyokuwa inanidanganya. Raba ya miaka tisa ina nyufa ndogo kama udongo wa mbuga uliokauka, unaziona ukiikunja kwa kidole gumba. Nimeagiza mbili mpya.

Kisha nikatoa spea. Ni ile nyembamba yenye kibandiko cha njano kinachokataza kuzidi kilomita 80 kwa saa. Imeandikwa wazi pembeni presha yake: 60 PSI, yaani 420 kPa. Nimepima: 17. Tangu nimelinunua gari hili nimekuwa nikijaza upepo tairi nne, na la tano, ambalo ndilo la kuniokoa, limelala gizani chini ya zulia. Kama pancha ingetokea usiku ule badala ya kuchemsha, tungetoa tairi bovu na kufunga bovu lingine.

Nimenunua kipima upepo changu mwenyewe. Vipimo vya vituo vya mafuta nimevijaribu viwili leo, vinatofautiana kwa PSI 5. Napima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto namba inapanda, na ukiipunguza hapo, kesho litaamka halina upepo wa kutosha.

22 Februari

Leo tumefanya mazoezi uani. Mke wangu, binti yangu, na mimi. Kanuni: mimi sigusi spana.

Jeki ya gari ilikuwa na kutu, nimeipaka grisi. Spana ya magurudumu iliyokuja na gari ni fupi. Nati ni za milimita 21, na gereji walizifunga kwa mashine mpaka mwanamke mwenye nguvu za kawaida, au hata mwanamume, hawezi kuzilegeza kwa spana ile. Nimenunua yenye mkono mrefu. Mke wangu alikosea mara ya kwanza kwa kulinyanyua gari kabla ya kulegeza nati, gurudumu likawa linazunguka naye. Akashusha, akalegeza kila moja nusu mzunguko tairi likiwa chini, ndipo akainua. Jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Spea ikiwa bado haijafungwa, tairi lililotolewa linalazwa chini ya gari, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi, lisiangukie mtu. Kufunga ni kwa nyota, nati hii kisha ya mkabala, mwisho unakaza gari likiwa chini.

Mara ya kwanza dakika 41. Mara ya pili 19. Binti alichukua 26 na akataka kurudia, giza likamzuia.

8 Machi. Kilomita 166,020

Betri. Asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.3. Inatakiwa 12.6. Injini ikiwaka: 14.1, kwa hiyo alternata inayochaji betri ni nzima, betri ndiyo inazeeka. Vichwa vyake vilikuwa na unga wa kijani. Nimesugua kwa maji ya moto yenye magadi na brashi ya zamani ya meno, nikapaka grisi. Baada ya safari ya saa moja na usiku mmoja: 12.5. Itanivusha mpaka mwishoni mwa mwaka.

Waya za kubustia nimeziweka kwenye boksi pamoja na karatasi yenye mpangilio, nimeiandika kwa herufi kubwa: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka, na waya wa mwisho ndio unaotoa cheche. Kutoa ni kinyume chake.

29 Machi. Kilomita 166,410

Breki. Pedi za mbele zina milimita 4, nimebadilisha. Shuu za nyuma ziko sawa.

Breki fluidi ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Hii nimeifanya nyumbani na binti yangu akiwa kwenye pedeli. Nilianza gurudumu la mbali zaidi na dereva, nyuma kushoto, mpira mwembamba kwenye nipo (kiskrubu cha kutolea fluidi kwenye breki), ncha yake kwenye chupa. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Nafungua robo mzunguko, fluidi nyeusi inatoka na kapovu kamoja, nafunga. "Achia." Amekanyaga mara sitini au zaidi kwa magurudumu manne, hakuna hata mara moja aliyoachia kabla sijafunga. Angeachia, hewa ingeingia na tungeanza upya.

Fluidi hunyonya unyevu, na maji yaliyomo ndani yake huchemka breki zikipata moto. Hapo pedeli inazama mpaka chini na gari haliitikii. Barabara tambarare ya Dar inaweza isikuonyeshe kasoro hiyo hata miaka mitano. Kushuka Kitonga kunakuonyesha.

17 Aprili. Kilomita 166,690

Boksi la nyuma, nilichokiweka: vibao viwili vya pembetatu vizima, fulana mbili zinazoakisi mwanga, kizima moto kilichokaguliwa, boksi la huduma ya kwanza, tochi ya kichwani, waya za kubusti, kamba ya kuvutia, glavu, fyuzi, klipu mbili za hosipaipu, kulanti lita mbili, maji lita kumi, panga fupi. Panga ni la matawi. Pembetatu inaonekana vizuri, lakini kwenye barabara zetu tawi linaeleweka na kila dereva, hata wa pikipiki isiyo na taa. Gari linalokwenda 80 linakata mita 22 kwa sekunde moja, kama hatua thelathini. Pembetatu niliyoiweka hatua kumi nyuma ya gari haimsaidii mtu yeyote.

Namba kwenye karatasi ndani ya kava ya jua: polisi 112, zimamoto 114.

18 Aprili, Ijumaa Kuu. Kilomita 166,697, kuondoka

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Upepo: tairi zote PSI 33, spea 60.

Tulisimama Doma kununua maji. Nimejiwekea utaratibu wa kuzunguka gari kila tukisimama, nikaona la nyuma kushoto limekaa tofauti kidogo. Nikapima. Matatu yalikuwa yamepanda hadi 37 kwa moto wa safari. Lile, 28. Msumari, kichwa chake kimelika mpaka kinang'aa, katikati ya kashata mpya kabisa.

Mbele yetu ilikuwa Mikumi, kilomita hamsini za hifadhi, ambako si mahali pa kushuka na kuhangaika na jeki nyati wakiwa ng'ambo ya mtaro. Fundi pancha alikuwepo mita chache, ila tairi lilipaswa kutoka kwanza. Mke wangu akavaa fulana, akachukua spana. Vijana watatu wakaja mbio. "Shemeji, lete tukusaidie." "Asanteni wadogo zangu, hii ni yangu." Wakabaki wamesimama kutazama. Mmoja akamshikia tochi ingawa jua lilishatoka. Dakika 14. Fundi akaziba kwa kiraka cha ndani, tukalirudisha, tukaingia hifadhini saa tatu kasoro. Twiga wanne karibu kabisa na lami.

Ruaha Mbuyuni saa sita. Hapo sikuongea tena. Nilizima AC kabla ya mlima, nikaacha nafasi kubwa nyuma ya lori lililokuwa mbele ili hewa ipite, nikapanda kwa gia ya 2. Mshale ulifika katikati ukakaa. Ile kona tuliipita, binti akasema, "Baba, ndiyo hapa." Mawe hayakuwepo. Kona mbili mbele kulikuwa na gari dogo limefungua boneti, mwanamume amesimama mbele yake peke yake, hana kibao, hana tawi. Hapakuwa na mahali pa kusimama mpaka kama mita mia mbili mbele. Tukapaki hapo, mke wangu akabaki na watoto juu ya ukingo, mimi na binti tukashuka kwa miguu na panga, pembetatu mbili na dumu la maji. Alikuwa ameshika kitambaa.

Tumefika Iringa saa tisa na nusu. Kulanti haijapungua.

21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka. Kilomita 167,706

Kurudi. Kitonga tumeshuka kwa gia ya 2, kona kali kwa L, gia ya chini kabisa, breki nikizigusa kwa vipindi na kuziachia zipumue. Chini nilisimama, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Joto la kawaida, harufu hamna, pedeli iko juu kama asubuhi.

Yaliyobaki: bushi za mbele zinagonga kwenye matuta, za kulia zaidi. Oili ya giaboksi sijaibadilisha tangu nimelinunua, aina yake ni T-IV, nitaibadilisha mwezi Mei. Kiraka cha Doma kipimwe kila Jumamosi. Kibao kimoja cha pembetatu kinunuliwe, kimoja nimemwachia yule bwana.